Shuka Zilizorudi Kutoka Bondeni

Kevo na Faith, mliniomba kabla sijaondoka niwaandikie jinsi kazi ya kutia nguo dawa inavyofanywa, kitu kifupi cha kubandika ukutani karibu na mapipa. Nilijaribu. Lakini vipimo vya dawa na maji mnavijua kuliko mimi, maana siku hizi mashine ndiyo inayovisoma na ninyi mnaitikia amina. Basi nitawaandikia yale ambayo mashine haiyajui. Sitasema nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Waliopandishwa wanajijua, na waliorukwa bado wanasimulia.

Nilikuja Kitengela nikiwa bibi arusi mpya kutoka Bungoma. Mume wangu, Baba Sylvia, alikuwa amepata kazi Athi River, tukapanga chumba nyuma ya soko, na mimi nikawa nashinda nikihesabu malori. Niliposikia kuna karakana kwenye barabara ya Namanga, kabla hujafika Kisaju, inayotafuta mwanamke wa kushughulikia nguo, nilijua ni kazi ya dobi. Asubuhi ya kwanza nilienda na sabuni yangu ya kipande kwenye mkoba ili waone nina bidii.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Njoroge, mtu mrefu, mwembamba, aliyevaa gambuti hata wakati wa kiangazi. Aliitazama ile sabuni kama mtu aliyeletewa nyoka.

"Hapa hatufui," akasema. "Hiyo ndiyo inatuharibia kazi. Rudisha kwa mkoba."

Mzee Njoroge alikuwa mtunza josho kwa miaka mingi. Alisimama kando ya lile birika refu akiwasukuma ng'ombe wa watu ndani ya maji ya dawa ili kupe wafe. Josho lilipofungwa, karakana ikamchukua, kwa sababu yeye alikuwa ameshazoea dawa na maji na viumbe wasiotaka kuloweshwa. Alikuwa amehama kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa mashati, na aliniambia tofauti ni moja tu, shati halikupigi teke.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Dawa inaitwa permethrin. Nguo ikiloweshwa ndani yake, ikakamuliwa na kuanikwa vizuri, dawa hujishika kwenye nyuzi na kukaa. Mbu akitua, au mbung'o, au kupe akipanda, miguu yake inaigusa. Anachanganyikiwa, anaanguka, na mara nyingi anakufa kabla hajauma. Mwenye nguo hasikii kitu. Kazi ngumu ni kujua nguo inakunywa kiasi gani. Pamba hunywa kama mtu aliyetoka shambani. Nailoni huonja na kuacha. Ukilowesha zote kwa kipimo kimoja, moja itakuwa na dawa ya kuua ndege na nyingine haitamsumbua hata sisimizi. Kwa hivyo Mzee Njoroge alinifundisha kuchovya kwanza kipande kimoja kwenye maji matupu, kukikamua na kukipima kwenye mizani. "Iulize nguo kwanza," alikuwa akisema. "Haikudanganyi. Mwenye duka ndiye anakudanganya ati ni pamba tupu."

Alinionya pia nisijiguse usoni nikiwa na glavu. Nilimsikia vizuri sana. Kisha pua ikaniwasha. Nilishinda siku nzima uso ukinichoma kama nimejipaka pilipili, na jioni Baba Sylvia akaniuliza kama kazini nimepigwa. Uso ulitulia wenyewe siku iliyofuata, na tangu hapo pua yangu ilijifunza kusubiri chai ya saa nne.

Mambo mengine mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu Kevo husahau. Anikeni kivulini, jua linakula dawa. Maji yaliyobaki hayamwagwi kwenye mtaro, maana mtaro unaenda mtoni na samaki hawana glavu. Na paka asiingie ndani wakati nguo ni mbichi. Dawa hii ambayo kwa mtu ni ya upole, kwa paka ni sumu. Mzee Njoroge alikuwa na paka nyumbani aliyempenda kuliko baadhi ya watoto wake, na kila jioni alibadilisha nguo zote, akaoga, akanukia kama mtu anayeenda kuposa, ndipo akarudi kwa paka wake.

Wateja wetu wa kwanza walikuwa askari wa wanyamapori, walinzi wa mashamba ya maua na watu wa kupima ardhi wanaoshinda kwenye nyasi ndefu. Lakini walikuja wengine pia. Mchungaji mmoja wa Tuala alituletea kanzu za kwaya. Wakati wa mvua walifanyia mazoezi nje, chini ya turubai, na mbu wa hapo hawakuwa na heshima kwa ibada. Tukazitia dawa. Baada ya wiki chache akarudi, nikadhani kuna mtu ameota vipele. Kumbe shida ni kwamba kwaya ilikuwa imepoa. Zamani waimbaji walikuwa wakiruka, wakijipiga mapajani, wakirusha mikono, na waumini walisema hiyo ni Roho. Sasa walisimama wima wakiimba noti zao. Mchungaji aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna njia ya kupunguza dawa kidogo. Mzee Njoroge alimwambia kwa heshima zote kwamba hilo lilikuwa suala la kanisa, si la karakana.

Tulikuwa pia na mbu wetu wa majaribio, waliofugwa kwenye maabara Nairobi na kuletwa kwetu wakiwa kwenye vikombe vilivyofunikwa chandarua. Unawaweka kwenye kikoni, yaani kifuniko kidogo cha plastiki chenye umbo la pia, juu ya nguo, unawaacha watembee kidogo, unawarudisha kwenye kikombe na pamba ya maji ya sukari, kisha kesho yake unaangalia nani yuko hai. Baba Sylvia hakuwahi kunielewa kwa hilo. Yeye alikuwa akinunua dawa ya mbu ya kuchoma kila Jumamosi, na mke wake analipwa kuwapa mbu sukari.

Sasa niwaambie kuhusu shuka.

Wakati wa ule ukame mbaya, wafugaji wengi wa Kajiado waliteremsha mifugo bondeni, upande wa Nguruman, ambako kando ya mto bado kulikuwa na majani. Nyasi zilikuwapo kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiogopa kukaa huko, na ng'ombe waliogopa kwa sababu ya mbung'o mchana na mbu jioni. Vijana ndio walioteremka na mifugo. Wazee na akina mama walibaki juu nyumbani. Kikundi kimoja cha akina mama kikaamua vijana wao hawatashuka bila kinga, wakatuletea shuka nyekundu zikiwa zimefungwa kwa mabunda.

Mwenyekiti wao alikuwa Ngoto Naserian, yaani Mama Naserian. Alikuwa mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Nilimsalimu "Takwenya" kwa lafudhi yangu ya Bungoma, akaitika "Iko" kwa subira ya mtu anayemsikiliza mtoto akisoma. Aliposikia kwamba Mzee Njoroge ndiye yule wa josho la zamani, alifurahi sana. Alimkumbuka. Alisema ng'ombe wa baba yake walikuwa wakimkimbia.

"Mlianza na ng'ombe," akamwambia, "sasa mmefika kwa wenyewe."

Tulizifanyia kazi zile shuka kama za harusi. Tulipima, tukalowesha, tukakamua, tukaanika kivulini, tukajaribu na mbu. Zilikuwa safi. Zikaenda bondeni.

Kisha, kabla mvua hazijafika, Ngoto Naserian alirudi. Safari hii hakucheka kwa macho wala kwa mdomo. Alikuja na wenzake wawili na magunia, wakayaweka sakafuni mbele ya mapipa. Ndani zilikuwa shuka zetu. Alituambia kwamba mwanawe, Saitoti, alikuwa ameletwa kutoka bondeni kwa bodaboda, amefungwa kwa mwenzake nyuma ili asianguke, akiweweseka kwa homa. Ilikuwa malaria kali. Alikuwa amelazwa mjini Kajiado na kwa siku mbili hakumtambua mama yake. Vijana wenzake walisema nguo haifanyi kazi, basi akawaagiza wazirudishe zote.

"Mimi ndiye niliwaambia wamama wengine nguo hii ni nzuri," akasema. "Niko na watoto wa watu huko chini. Nataka mniambie ukweli tu. Mkisema dawa ilikuwa mbaya, nitaenda kuwaambia."

Hakupaza sauti. Mtu akigomba, unajitetea. Huyu alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani, akisubiri jibu ambalo angelipeleka nyumba kwa nyumba.

Tulichukua shuka kutoka kila gunia na kuziweka chini ya mbu. Nilikaa nao kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe. Mbu walianguka. Shuka baada ya shuka, walianguka. Mkubwa wetu wa karakana alifurahi, akasema basi tumwambie mama nguo ni nzima, kesi imekwisha. Mimi sikuona imekwishaje wakati kijana wa watu yuko kitandani. Kama nguo ilikuwa nzima, ilikuwa wapi mbu walipomuuma?

Wakati wa kuzikunja ndipo nilipoona kwamba karibu kila shuka ilikuwa na vinyweleo vifupi vimeng'ang'ania kwenye nyuzi, vyeupe na vya kahawia. Nilimwonyesha Mzee Njoroge. Aliinusa ile shuka, jambo ambalo alikuwa amenikataza miaka yote. Akainusa ya pili. Kisha akaanza kutabasamu polepole, akaacha, kwa sababu aliona si wakati wake.

"Nekesa," akaniambia, "hii haikuvaliwa na mtu. Hii ilivaliwa na ndama."

Tulienda Kajiado na Ngoto Naserian kwenye pikapu ya karakana. Njiani hatukumwambia lolote, maana vinyweleo si ushahidi wa kumshtaki nao mtoto wa mtu. Tulimkuta Saitoti ameketi kitandani, amekonda, macho makubwa, anakunywa uji kwa adabu ya mgonjwa anayelazimishwa. Mzee Njoroge alimsalimia "Sopa", akaitika "Ipa" kwa sauti nyembamba. Nikamwambia tumetoka karakana, tumekuja kumpa pole, na pia kuuliza jinsi shuka yake ilivyokuwa.

Akasema ilikuwa nzuri.

Nikamuuliza kama alikuwa akiivaa jioni, mbu wanapotoka.

Akamtazama mama yake, akatazama uji. Mzee Njoroge akamwuliza, kama mtu anayezungumza habari za hali ya hewa, ndama wake anaendeleaje.

"Ako sawa," Saitoti akasema, uso ukifunguka kwa mara ya kwanza. "Amesimama. Saa hii anakula."

Basi yakatoka yote. Kulikuwa na ndama aliyezaliwa huko huko bondeni, mama yake hana maziwa, mbung'o wamemkalia mpaka hawezi kunyanyua kichwa. Saitoti aliona kwamba nzi wakitua kwenye shuka yake wanaanguka. Akaivua, akamfunika ndama. Nzi wakaanguka kando yake kama mahindi yakipukuchuliwa. Wenzake walipoona hivyo, nao wakavua zao. Wakawafunga wana-mbuzi na ndama dhaifu, wakawazungushia kamba tumboni ili shuka zisianguke, na zizi lote likawa jekundu. Wao wenyewe jioni wakaketi vifua wazi. Saitoti alipougua, waliogopa kusema. Ni rahisi kusema nguo haifanyi kazi kuliko kumwambia mama umempa mbuzi zawadi yake.

"Sisi tunaweza kujikuna, Yeyo," akamwambia mama yake. "Ndama hawezi."

Mimi nilitazama dirishani. Mzee Njoroge alitazama gambuti zake. Ngoto Naserian akamchukulia kile kikombe cha uji mkononi, akakiweka kando.

"Ndama akikufa, kuna soko Bissil," akamwambia. "Wewe ukikufa, nitaenda soko gani?"

Mama yake alimfuta mdomo kwa ncha ya khanga yake kama mtoto mdogo, na yule kijana, ambaye kwenye ngoma za Kimaasai huruka juu kuliko wenzake wote, akakubali kufutwa.

Tulipotoka nje, Ngoto Naserian aliketi kwenye ngazi za hospitali, akafunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, nikaketi karibu naye. Alikuwa analia kweli, lakini katikati ya kulia alianza kucheka, akaniuliza kama mbuzi wote walikuwa wamevaa. Nikamwambia kulingana na vinyweleo, wote. Akasema kwamba angejua, angeshona na vifungo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko kupima nguo. Kuwaambia wale vijana wavae shuka zao na kuwaacha ndama waumwe kulikuwa ni kupoteza mate. Wangekubali mbele yetu, na vumbi la gari likitulia wangevua. Mkubwa wetu alisema kazi yetu ni nguo za watu, na mifugo ina ofisi yake. Hapo nilimwona Mzee Njoroge akibishana kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alimwambia kwamba yule kijana hatavaa nguo mpaka ndama wake alale salama, kwa hivyo ndama ni sehemu ya nguo. Mkubwa alifikiria, akasema sawa, lakini tutumie vyandarua chakavu vya stoo.

Ndivyo tulivyofanya. Tulishona vile vyandarua pamoja, tukavitia dawa, tukavipeleka bondeni pamoja na shuka. Tulizungusha wavu kwenye zizi la ndama na wana-mbuzi, kuanzia chini mpaka usawa wa kifua cha mtu, kwa sababu mbung'o hupita chini chini akitafuta miguu. Vijana walisaidia kuchimbia miti. Walikuwa na aibu kidogo, na Ngoto Naserian, aliyekuja nasi, hakuwaonea huruma. Kila aliyepita mbele yake alimsalimia, kisha akamwuliza habari za mtoto wake mwenye pembe.

Tulikaa huko mpaka siku ya pili mchana. Nzi walikuja, wakagonga wavu, wakashuka. Kijana mmoja aliokota nzi waliokufa kwa kiganja akawaonyesha wenzake, wakaongea Kimaasai kwa muda mrefu. Kisha mmoja wao, bila kuambiwa, akaenda kwenye bunda, akachukua shuka, akajifunga. Wengine wakafuata. Hakuna aliyetoa hotuba. Mzee Njoroge alinikanyaga mguu kwa gambuti yake nisije nikaanza kupiga makofi.

Saitoti alirudi bondeni alipopata nguvu, ingawa mama yake alimchelewesha kwa kila kisingizio anachojua mama. Mvua zilipofika wakapanda juu na mifugo. Ng'ombe wengine walikuwa wamekufa, sitawadanganya, ule ukame haukumwacha mtu. Lakini hakuna kijana mwingine aliyebebwa. Yule ndama alikua akawa jike mwenye tabia mbaya, asiyetaka kukamuliwa na mtu mwingine ila Saitoti.

Mzee Njoroge alistaafu mwaka uliofuata, akaenda Embulbul kukaa na binti yake, na paka. Akafariki huko, akiwa mzee sana, kitandani mwake, kama alivyotaka. Mimi nikabaki na mizani yake. Ninyi mmeiweka juu ya kabati kwa sababu mashine inapima yenyewe. Sawa. Lakini siku umeme ukipotea, mtaiteremsha, na mtanipigia simu, na nitajifanya sisikii vizuri.

Wiki yangu ya mwisho kazini mnaikumbuka. Faith, wewe ulikuwa mlangoni wakati mzee mmoja wa Kimaasai aliyevaa koti alipomteremsha mama kutoka kwenye gari, ukaniambia, "Mathe, uko na mgeni." Alikuwa Ngoto Naserian. Amezeeka, anatembea na fimbo, macho yanacheka vilevile. Saitoti ana nyumba yake sasa na watoto. Mkubwa wao wa kiume alikuwa amefika umri wa kupewa wana-mbuzi wa kuchunga karibu na boma, na nyanya yake alitaka aanze vizuri.

Alifungua mkoba, akanipa shuka ndogo, ndogo kiasi kwamba niliicheka. Nikamwuliza vipimo vya mtoto, na kama ana ngozi ya kuwasha, mambo yale tunayouliza. Kisha nikamwuliza swali ambalo sikuweza kujizuia. Huyu mjukuu, akimwona mwana-mbuzi anatetemeka, atafanya nini?

Ngoto Naserian aliingiza mkono tena kwenye mkoba, akatoa shuka ya pili, ndogo kuliko ya kwanza, akaiweka juu ya meza.

"Nimeleta mbili," akasema.